Machungwa Matano, Vikapu Viwili

Kahororo, Bukoba
6 Juni 1992

Shemeji Mayunga,

Salamu kutoka mjini. Sisi wazima, mvua imekata, na migomba ya nyuma ya nyumba inashangaa siku hizi hakuna wa kuirushia mawe. Natumaini mlifika Bumbire salama na Siti hakuogopa mtumbwi. Barua hii nampa Joviana, yule mama wa dagaa, maana ameniambia kila Jumamosi yuko soko la Bukoba na kila Jumatatu anarudi kisiwani kwenu. Nimemwomba asiitie kwenye gunia la dagaa. Amecheka tu, kwa hiyo ikinuka unisamehe.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya arobaini ya marehemu dada yako Limi, wewe ulipokwisha kuondoka na watoto kwa likizo, wazee wa pande zote mbili walikaa tena hapa nyumbani. Baba mdogo Muhidini alisema kaka yangu Lukmani alitoa mahari mbele ya mashahidi, msahafu na cherehani, mkononi mwa Limi mwenyewe, kwa hiyo watoto ni wa huku. Wazee wenu wakasema cherehani hailii usiku zizini: hakuna ng'ombe hata mmoja aliyesimama uani kwa baba yenu, kwa hiyo watoto ni wa kwenu. Unajua wazee. Kila mmoja alikuwa na haki yake kamili na hakuna aliyekuwa na haki ya mwenzake. Walipokaribia kushikana mashati wakakata shauri kwamba watoto wagawanywe. Nani aende wapi tumeachiwa sisi wawili, shangazi na mjomba, tupange kabla shule hazijafunguliwa tarehe 13 Julai.

Nimekaa na karatasi kama nilivyozoea. Watoto ni watano, hawagawanyiki nusu kwa nusu, kwa hiyo napendekeza watatu kwangu na wawili kwako. Asha na Siti wabaki kwangu. Mashauri ana jina la baba yenu, aende kwako. Mapacha tugawane ili kila ukoo uwe na pacha wake: Hasani kwangu, Huseni kwako. Naona ni haki.

Kwa sasa watoto wasijue chochote. Wamezika baba mwaka juzi na mama mwezi Machi, na mitaani wanasikia watu wakiuita ugonjwa ule wa Ukimwi Juliana na kucheka. Waache washibe samaki kwanza.

Msalimie Petronila, mkeo.

Shemeji yako,
Shamsa

*

Bumbire, Muleba
11 Juni 1992

Mwalimu Shemeji,

Barua imefika na paka wawili nyuma yake. Sisi wazima. Siti hakuogopa mtumbwi, aliyeogopa ni Mashauri, lakini alijikaza kwa sababu mapacha walikuwa wanamtazama.

Mimi naandika polepole, shule yangu ni darasa la nne na jeshi, kwa hiyo nitasema wazi. Kuhusu hao unaowaita Hasani na Huseni, ambao hapa ni Kulwa na Doto na wanaitika vizuri tu: kwetu Wasukuma mapacha hawatenganishwi. Hata kikombe tunawapa viwili vinavyofanana. Nilipomsomea Petronila sehemu ile ya pacha wangu, pacha wako, aliweka mwiko chini akasema, waitu, jamani, huyu mwalimu amesoma mpaka amepitiliza. Usikasirike, anakupenda.

Mimi nasema hivi. Asha na Mashauri waende kwako, wanahitaji shule nzuri. Mapacha na Siti wabaki hapa. Petronila amekwisha mshonea Siti gauni na mto mdogo. Watoto wetu wamekua wamekwenda zao, nyumba ilikuwa imenyamaza sana, na sasa haisikiki hata redio. Napenda hivyo.

Asha ameandika barua yake, naiweka humu humu. Amenishika kwenye nyavu zangu na maswali yake siwezi kuyajibu.

Shemeji yako,
Mayunga

*

Bumbire
11 Juni 1992

Shikamoo Shangazi,

Sisi hatujambo. Siti amenenepa. Kulwa ameanguka majini mara mbili na Doto mara moja, anasema anadaiwa moja.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo nililoliona kwenye wavu. Mjomba anasuka wavu mpya wa sangara. Ametundika kipande kwenye msumari ukutani kwa fundo moja tu, kwa hiyo kimening'inia kimefunguka chini kama paa la nyumba. Kazi yangu ni kushika taa na kujaza uzi kwenye sindano yake ya mti. Nilipochoka nikaanza kufuata uzi kwa kidole. Kutoka fundo la juu unaweza kushuka kushoto au kulia. Ukifika fundo la chini yake, tena kushoto au kulia. Nikajiuliza, mdudu akianza juu na kushuka tu, bila kupanda, anaweza kulifikia kila fundo kwa njia ngapi?

Nimehesabu kwa kidole, halafu nimefunga vipande vya karatasi kwenye mafundo. Imetoka hivi:

1
1 1
1 2 1
1 3 3 1
1 4 6 4 1
1 5 10 10 5 1

Halafu nikagundua sina haja ya kuhesabu kwa kidole. Kila fundo limeshikwa na nyuzi mbili kutoka mafundo mawili ya juu yake, kwa hiyo njia zake ni jumla ya njia za yale mawili. Kumi ni nne na sita. Pembeni ni moja daima, maana fundo la pembeni lina uzi mmoja tu kutoka juu. Mjomba anasema amesuka nyavu miaka ishirini na hajawahi kuona namba humo, ila matundu.

Shangazi, hii ni kitu au ni mchezo tu?

Mwanao,
Asha Lukmani

*

Kahororo
14 Juni 1992

Mwanangu Asha,

Marahaba. Hii ni kitu. Nimefundisha hesabu miaka kumi na minne na sijawahi kupata barua iliyonifurahisha hivi. Niliisoma nimesimama mlangoni, ndizi zikaungua.

Pembetatu hiyo iko katika vitabu vya kidato cha tano, na wewe uko darasa la sita. Vitabu vinaipa jina la Mfaransa mmoja, lakini Wachina waliichora, Wahindi waliijua kwa kuhesabu mizani ya mashairi, na Waislamu wa Uajemi waliiandika karne nyingi kabla ya huyo Mfaransa kuzaliwa. Sasa na Bumbire imo.

Jumlisha kila mstari uone: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Kila ukishuka mstari, jumla inaongezeka mara mbili. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila njia, ikifika chini, inapata nafasi ya kugawanyika kushoto na kulia.

Na matumizi yake ndiyo haya. Tuseme una machungwa matano na vikapu viwili, cha kushoto na cha kulia. Kila chungwa ni hatua moja ya yule mdudu wako. Ukilitia kikapu cha kushoto, amekwenda kushoto. Ukilitia cha kulia, amekwenda kulia. Baada ya machungwa matano mdudu yuko mstari wa tano kutoka lile fundo la juu. Kwa hiyo kuna njia thelathini na mbili za kugawa machungwa matano. Mstari wenyewe unakwambia zaidi: kuna njia kumi za kutia mawili kulia na matatu kushoto, njia tano za kutia moja tu kulia, na njia moja ya kuyatia yote kushoto.

Jifunze hilo vizuri. Ukirudi nitakuonyesha mengine.

Shangazi yako,
Shamsa

*

Kahororo
14 Juni 1992

Shemeji,

Mwambie Petronila nimekubali kwamba nimepitiliza. Mapacha hawatenganishwi. Nimeuliza na kwa jirani zetu wa Kagondo, Wahaya nao wamenitazama kama Petronila alivyofanya. Wabaki kwako wote wawili.

Lakini Siti lazima awe kwangu. Sababu usiniulize sasa. Basi iwe hivi: Asha, Mashauri na Siti kwangu, mapacha kwako. Naomba unielewe.

Shamsa

*

Bumbire
18 Juni 1992

Mwalimu Shemeji,

Nimeisoma ile "usiniulize" mara tatu. Kwetu mwaloni, soko la samaki la ufukweni, mnunuzi akifika hushika samaki mmoja mmoja, huyu ndiyo, huyu hapana, na mvuvi anakaa kimya kwa sababu anahitaji kuuza. Mimi siuzi. Nakuambia ukweli imeniuma. Umeniachia mapacha kwa sababu ni watundu, ukachagua kale kadogo kanakopendwa na kila mtu.

Halafu nilitulia. Petronila alinionyesha kitu ambacho mimi sikukiona. Siti halali mpaka Asha ambebe mgongoni. Kule kwenye mto wake mpya analala paka. Akiamka anaita Asha, hamwiti Petronila. Kwa hiyo Asha akienda kwako, Siti naye aende, usiniambie sababu yako kama hutaki.

Ila Mashauri humpati. Unakijua kigugumizi chake. Shuleni wanamcheka, na hapa mwaloni walianza kumcheka. Lakini mapacha wamezoea kumngojea. Akikwama neno, Kulwa anasimama upande huu na Doto upande ule, wanatazama mbali kana kwamba wana muda wote, mpaka neno litoke. Siku hizi hata wavuvi wazima wanangoja. Ukimtoa kati yao wale wawili utamrudisha nyuma.

Kwa hiyo wasichana kwako, wavulana kwangu. Sikuchagua mimi, watoto wenyewe wameshikamana hivyo.

Mayunga

*

Kahororo
21 Juni 1992

Shemeji Mayunga,

Nimekubali. Nimemwambia Baba mdogo Muhidini, akasema alhamdulillahi, mambo yamekwisha. Wasichana waletwe tarehe 11 Julai. Tutawaambia pamoja siku hiyo.

Mimi sijui kwa nini nimeshindwa kula leo.

Shamsa

*

Bumbire
25 Juni 1992

Shikamoo Shangazi,

Machungwa ni sisi.

Nimejua Jumatatu. Mama Joviana alikuwa anapima dagaa na mama Petronila, akasema ni huruma, wasichana mjini, wavulana kisiwani. Hawakujua nimo nyuma ya wavu. Sikulia hapo hapo. Nilikwenda kulia kwenye mawe ya kuanikia dagaa, halafu nikarudi nikaushusha ule wavu msumarini na kuanza hesabu. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo usinikasirikie.

Sisi ni watano na vikapu ni viwili, Bukoba kushoto na Bumbire kulia. Njia ni thelathini na mbili. Lakini mapacha hawatenganishwi, hilo najua mmekubaliana. Basi hao si hatua mbili, ni hatua moja, popote anapokwenda mmoja na mwingine yupo. Tumebaki machungwa manne. Nimepanda mstari mmoja juu: 1 4 6 4 1. Njia ni kumi na sita.

Siti na mimi pia ni hatua moja. Nimepanda tena: 1 3 3 1. Njia nane.

Mashauri na mapacha ni hatua moja. Nimepanda tena: 1 2 1. Njia nne. Hapo ndipo mliposimama wewe na Mjomba. Mlichagua moja ya zile mbili za katikati, wasichana huku na wavulana kule.

Lakini mmesahau fundo moja, Shangazi. Si kosa lenu, hamkuwa mnakula na sisi. Mama alikuwa na desturi. Chakula kikitengwa, hakuna kugusa mpaka kila mmoja ataje jina lake kuanzia mkubwa. Mimi nasema Asha. Mashauri anasema Mashauri, na Mama alikuwa anamngoja hata kama ugali unapoa. Kulwa, Doto. Siti alipoanza kusema, Mama alimfundisha aseme jina lake halafu aseme "tumetimia." Hapo ndipo tunanawa. Alipokuwa mgonjwa hawezi kukaa, tulikuwa tunataja majina kwa sauti ili asikie chumbani. Siku ya mwisho pia tulitaja. Hata hapa kwa Mjomba tunataja, ila yeye huwa bado yuko ziwani.

Siti akiwa Bukoba nani atasema tumetimia huku? Na atasemaje huko, wakati hatujatimia?

Kwa hiyo sisi sote ni hatua moja. Nimepanda tena na mstari umebaki 1 1. Njia ni mbili tu, wote kwako au wote kwa Mjomba. Mimi sichagui. Nakuonyesha tu hesabu. Kama nimekosea, weka alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu na unionyeshe ni wapi.

Asha Lukmani

*

Kahororo
28 Juni 1992

Shemeji Mayunga,

Nakutumia barua ya Asha uisome mwenyewe. Nimeipitia na kalamu nyekundu mkononi na sikupata pa kuiweka.

Sasa nikuambie sababu niliyokuficha. Siti alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kuanza kuugua. Tangu tulipomzika Limi, kila mtoto yule akikohoa mimi sipumui. Nilitaka awe karibu na hospitali, apimwe damu, na kama anao, mimi ndiye nimuuguze, kwa kuwa nimekwisha kujifunza kwa baba yake na mama yake. Sikutaka kukuandikia kwa sababu barua zetu zinabebwa na Joviana na zinasomwa na Petronila, na nilijua Petronila ameshona gauni. Nilidhani nawaonea huruma, kumbe nimekuumiza. Nisamehe. Sikuchagua samaki.

Nimefikiri siku mbili. Njia ni mbili, basi mmoja wetu aachie. Naachia mimi. Wewe una mke, una samaki, una nyumba inayocheka. Mimi nina chumba na ukumbi na madaftari ya kusahihisha. Wachukue wote watano. Naomba kitu kimoja tu, mlete Siti siku moja apimwe, na majibu yakitoka tuyapokee pamoja.

Nitamkabili Baba mdogo Muhidini mwenyewe.

Shamsa

*

Bumbire
28 Juni 1992

Mwalimu Shemeji,

Leo Jumapili mashua ya sangara inakwenda Kemondo, sikuweza kumngoja Joviana.

Asha amenieleza hesabu yake. Alinionyesha kwenye wavu wangu mwenyewe, kidole kwa kidole, nami sikufunga fundo hata moja siku nzima. Jana sikwenda ziwani, nikakaa kula nao. Nikasikia wanavyotaja. Nilikuwa sijui, shemeji. Walikuwa wanafanya hivyo kila siku ndani ya nyumba yangu, nami sijui. Sauti ya Siti mwishoni ni ya Limi kabisa.

Nikamkumbuka kaka yako. Unajua tulikutana vitani. Mwaka sabini na tisa, daraja la Kyaka likiwa limelipuliwa, tukapangwa kuvuka Kagera kwa makundi. Mimi nilikuwa kundi la mbele, Lukmani la nyuma. Alitoka kwenye mstari wake akaja kusimama karibu yangu. Sajini alipomuuliza anafanya nini akasema, afande, huyu hajui kuogelea. Mimi, mvuvi. Sajini alicheka mpaka akamwacha. Miezi sita baadaye akaja kumwona dada yangu, na nilimpa bila ng'ombe kwa sababu hiyo, na baba alikubali, wazee wanaopiga kelele leo hawakuwepo.

Mtu wa namna ile siwezi kumgawia watoto vipande. Na wewe ni damu yake, una shule, na mjini kuna hospitali, nadhani ndiyo sababu yako ya Siti. Nilikuwa mzito kuelewa. Wachukue wote watano. Sina kinyongo. Petronila amelia kidogo lakini amekubali, anakunja nguo zao hivi sasa.

Mayunga

*

Bumbire
2 Julai 1992

Shikamoo Shangazi,

Barua zenu zimepishana ziwani. Mjomba alipofungua yako aliisoma, akatoka nje kuangalia kama mashua ya Kemondo inaweza kuitwa irudi. Ilikuwa imeondoka tangu Jumapili.

Kwa hiyo wewe umetutoa wote kwa Mjomba, na Mjomba ametutoa wote kwako. Kwa sasa hatuna mwenyewe. Kulwa anasema ni nafasi nzuri ya kutooga.

Kuhusu Siti, mama Petronila ameisoma sehemu ile. Hakuondoa mto wala kikombe chake. Alimpakata akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, akasema kama anao anao na kama hana hana, mtoto ni huyu huyu. Nilitaka ujue.

Sasa hesabu. Nimetazama tena mstari wa 1 1. Nyote wawili mnatazama moja moja kana kwamba ukishika hii, ile inapotea. Lakini zote ziko kwenye wavu, Shangazi, moja pembe ya kushoto na moja pembe ya kulia. Mwaka nao una pembe mbili, kuna shule na kuna likizo. Shule ikifunguliwa wote watano tunakuja kwako. Ikifungwa wote watano tunakuja kwa Mjomba. Juni na Desemba. Joviana amesema mtumbwi wake una nafasi, mradi mapacha wakae katikati.

Na juu ya mstari huo kuna mstari mwingine, ule wa msumari. Una namba moja peke yake. Hapo hakuna kushoto wala kulia. Mjomba anasema ndilo fundo analofunga kwanza na kulikaza kwa meno.

Mjomba amekubali. Umebaki wewe na Babu Muhidini.

Asha Lukmani

*

Kahororo
19 Julai 1992

Shemeji Mayunga,

Wamefika wote watano, na kipande cha wavu ulichompa Asha kimetundikwa ukumbini kwangu. Wageni wanadhani ni pazia.

Nianze na lililo kubwa. Tulimpeleka Siti hospitali Jumanne, majibu tumepewa juzi. Hana kitu. Nimeandika kwa herufi kubwa pembeni ili Petronila asipate shida: HANA KITU. Anachokohoa ni mafua, muuguzi amesema tumpe maji ya moto na tumzuie kula mchanga. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi, watu wakanipita, nami nikalia mbele ya wanafunzi wangu wawili bila aibu yoyote.

La pili ni Baba mdogo. Alikuja Ijumaa baada ya swala na kanzu yake iliyopigwa pasi, amejiandaa. Unajua yeye ndiye anayegawa mirathi kwa Waislamu wa hapa mjini, robo, thumni, theluthi, hakuna anayemshinda. Akasema wazee wamekwisha kuamua, watoto wagawanywe. Nikamwita Asha. Asha akamweka mbele ya wavu na kuanza na thelathini na mbili. Baba mdogo akasema namba hiyo ameitoa wapi. Akatoa tasbihi, akakaa, akafuata nyuzi mwenyewe mpaka chini, shanga moja kwa kila njia. Alimaliza saa nzima baadaye. Thelathini na mbili. Akapanda na Asha mstari kwa mstari, kila fundo akiuliza ushahidi: mapacha, sawa, mgongo wa Asha, sawa, akamwita Mashauri amtajie jina lake. Mashauri akakwama. Mapacha wakasogea kila mmoja upande wake wakatazama dirishani. Baba mdogo, ambaye hangoji hata chai ipoe, akangoja.

Walipofika 1 1 akavua kofia akajikuna kichwa. Akasema miaka arobaini amegawa mashamba, nyumba na mitungi, na kazi yake imekuwa kushuka tu, vipande vinaongezeka. Hakujua kuna hesabu ya kupanda. Halafu akasema watoto si mirathi, nani alisema ni mirathi? Kana kwamba si yeye. Ameahidi kuwaandikia wazee wenu kwa mkono wake.

Basi kwaheri mpaka Desemba. Shule imeanza, nyumba ni ndogo, kelele ni nyingi, na ugali wangu haujawahi kupoa hivi kabla ya kuliwa. Nina furaha, shemeji. Sikujua kama nitaliandika tena neno hilo mwaka huu.

Shamsa

*

Bumbire
10 Desemba 1992

Mwalimu Shemeji,

Watano wamefika Jumatatu, wamekauka vizuri isipokuwa Doto, ambaye sasa amelipa deni lake la kuanguka. Senene uliowatuma wamefika nusu. Joviana anasema nusu nyingine waliruka, na walikuwa wamekaangwa.

Mashauri amekua. Ameniamkia shikamoo yote bila kukwama, halafu akakwama kwenye jina langu, tukangoja, likatoka. Asha amenifundisha kuhesabu matundu ya wavu bila kuyagusa. Petronila ametoa mto wa Siti na kumfukuza paka, lakini Siti bado yuko mgongoni kwa Asha.

Nimeacha kwenda ziwani saa za chakula. Ila tuna shida moja na wewe ndiye unayeweza kuitatua. Jumatatu Petronila ametenga sangara na ndizi, tumekaa. Asha akasema Asha. Mashauri, Kulwa, Doto. Siti akasema Siti, halafu akanyamaza. Tukamngoja. Nikadhani amesahau neno. Asha akamwambia, sema. Akatikisa kichwa, akahesabu kwa vidole watu wote waliokaa, mimi na Petronila tukiwemo, akauliza, na Shangazi?

Tukamwambia Shangazi yuko Bukoba, amefunga shule, anasahihisha madaftari. Akasema basi bado.

Leo Alhamisi bado hajasema. Tunakula, njaa haina adabu, lakini tunakula hatujatimia, na kila mmoja anaiona nafasi uliyotakiwa kukaa. Yale madaftari yanasahihishika hata hapa, taa ipo na mshika taa yupo. Mtumbwi wa Joviana unatoka Jumatatu asubuhi. Petronila ametandika kitanda, na sahani yako tumeiweka kati ya Doto na Siti.

Shemeji yako,
Mayunga